Mzizi wa Mama Mkwe

Mlioniona kanisani nimekonda mkanisifu kwamba mazoezi yamenikubali, naomba radhi kwa kuzipokea zile sifa. Sikufanya mazoezi yoyote. Nilikunywa dawa ya wakwe zangu, kikombe kizima, kwa heshima, na mwili ukafanya uliyoyafanya. Na kwa kuwa kila mmoja wenu amesikia kipande chake, huyu kwamba nilikamatwa na bangi, yule kwamba nilivuka kwenda Zambia kutafuta dawa ya kumtuliza Baba Neema, nimeona niyaandike yote mara moja. Baba Neema ametulia miaka mingi, hata kupita kiasi.

Dar es Salaam: kamba wanakufa

Wengi wenu mnaijua kazi yangu kwa jina tu. Niko maabara, kwenye chumba ambacho dirisha lake linatazama ukuta, napima dawa za miti shamba: kilichomo ndani kinatibu nini, na kinaua nini. Kipimo chetu chepesi cha kuanzia ni cha kamba, wale wa baharini, ila hawa ni wadogo mno, hata punje ya mchele inawashinda ukubwa. Unawaweka kwenye maji ya chumvi, unawadondoshea dawa, unasubiri. Wakiishi unaendelea na vipimo vingine kwa moyo mkunjufu. Wakifa unaendelea kwa tahadhari. Kwa ufupi, serikali ilinisomesha mpaka chuo kikuu ili niue kamba.

Mama mkwe wangu anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki. Ni Mndali wa Ileje, mwanamke mfupi, mnyoofu, asiyependa kurudia neno. Kila asubuhi hunywa dawa ya mizizi kutoka kwenye thamosi yake ya bluu ambayo hakuna mwingine anayeruhusiwa kuigusa. Dawa hiyo inatoka kwao. Mdogo wake, Eliza, huichimba mlimani, huitwanga, huifunga ndani ya jani kavu la mgomba, kisha huipandisha basi mpaka kwetu.

Mwaka huu macho yake yakaanza kugeuka manjano. Mwili ukawa unamwasha, chakula akawa anakitazama tu. Hospitali wakasema ini linaumwa. Daktari alipomwuliza kama anatumia dawa za kienyeji, Mama alijibu, kwa utulivu wa mtu anayesoma zaburi, kwamba anakunywa chai.

Nikaiba kijiko kimoja cha unga wake, nikaenda nao kazini. Kamba walikufa. Sisemi wengi walikufa, nasema wote. Nikarudi nyumbani na matokeo yangu, nikakaa mbele yake na mwanawe, nikaeleza kwa kirefu kuhusu ini na sumu zinazolila polepole bila mtu kuhisi. Mama alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi ni kamba?" akauliza.

Baba Neema akaanza kuchunguza dari.

"Dawa hii nimeinywa tangu sijaolewa," Mama akaendelea. "Bibi yangu aliinywa, akafa mzee. Eliza anaichimba kwa mikono yake. Leo vidudu vyako vimekufa, basi mdogo wangu ananiua?"

"Mama, sijasema hivyo."

"Nenda kwa Eliza. Yeye akisema niache, nitaacha. Na uje na mti wenyewe, ukiwa na majani yake. Usije na habari za vidudu."

Kuhusu mti alikuwa na haki, na hilo liliniudhi zaidi. Unga hausemi umetoka kwenye mti gani. Ili kuutambua mmea nilihitaji mzizi, jani na ua. Daktari naye alishatuambia pembeni kwamba akiendelea kunywa kitu chochote cha kulichokoza lile ini, hatuna muda mrefu naye. Kwa hiyo nilikuwa nafuata vitu viwili: mti, na neno la Mama mdogo Eliza. Habari za kuomba likizo na kukata tiketi sitawachosha nazo.

Mbezi mpaka Mpemba, au hivyo ndivyo nilivyodhani

Nilikaa na mama mmoja wa Mlowo aliyekuwa anarudi kwake na ndoo ya kuku wa kukaanga. Mkarimu mno. Kabla hatujafika Chalinze alishanipa paja. Nilipokuwa natafuna akaniuliza nafanya kazi gani.

"Napima sumu," nikamjibu, kwa majivuno kidogo.

Akafunika ndoo. Tulipita Morogoro na Mikumi ndoo ikiwa imefunikwa. Pale Ruaha Mbuyuni, baada ya kununua vitunguu, huruma ikamrudia, akaifunua, lakini tangu hapo kila alichokitia mdomoni alinitazama kwanza mimi. Nilijikuta nakubali kwa kichwa, paja hili sawa, andazi hili sawa, kama mpishi wa mfalme.

Mlima Kitonga lori lilikuwa limelala kukatiza barabara, tukashuka sote kusubiri. Yule mama wa Mlowo alikuwa ameshawatangazia abiria kwamba basini kuna daktari. Wakaja. Mzee mmoja akanionyesha goti. Kaka mmoja mwenye afya tele akataka kujua kwa nini anaota anakimbizwa na ng'ombe. Nikawaeleza kwamba mimi si daktari wa watu.

"Sasa daktari wa nini?" akauliza yule mzee, suruali yake bado imekunjwa.

"Wa kamba."

Alishusha suruali taratibu, kwa masikitiko ya kweli, akaenda kununua mahindi ya kuchoma.

Njia ya Ileje huchepuka pale Mpemba, kabla ya Tunduma. Nilimwomba kondakta aniamshe, maana baada ya Mbeya usingizi ulinibana. Yeye anaapa mpaka leo kwamba aliniamsha vizuri, na kwamba nilimjibu, "Asante, mwache Neema alale." Nilipofumbua macho, nje kulikuwa na malori mbele, malori nyuma, na sauti zinazoita kwacha. Nilikuwa nimefika mwisho wa nchi.

Tunduma, bila kukusudia

Tunduma ni mji wa watu wanaopita, na kila mtu hapo alikuwa na uhakika kwamba napita. Nikitoka mlangoni mwa nyumba ya wageni, wabadilisha fedha wananiwahi. Wakala mmoja aliniuliza mzigo wangu uko kwenye lori gani, nikamwambia sina lori, akanipa pole. Bodaboda mmoja alinipakia kunipeleka stendi ya magari ya Ileje akanishusha karibu kabisa na geti la mpakani. "Si unaenda Nakonde, mama? Wote wanaenda Nakonde."

Magari ya Ileje yalikuwa bado hayajajaa, nikaona nisipoteze asubuhi. Nikaingia sokoni kutazama wauza dawa, kama fundi cherehani anavyoshindwa kupita duka la vitambaa. Ndipo nikampata Bana Chanda, yaani Mama Chanda, Mbemba wa upande wa pili anayevuka kila siku kuja kuuza. Mwanamke mnene, mcheshi, amekaa nyuma ya makopo ya unga wa kila rangi ya udongo.

"Mulishani mukwai," akanisalimu.

"Marahaba," nikajibu. Ananizidi umri kwa mbali. Alicheka sana.

Nikaanza kuuliza kama nilivyozoea. Unga huu ni mzizi au gamba? Wa mti gani? Umechimbwa wapi? Umekaushwa juani au kivulini? Bana Chanda alitazama kushoto na kulia, akaniinamia.

"Mama, ni mume?"

"Hapana. Ni mama mkwe."

Akafumba macho kwa huruma. "Aa, mama mkwe. Hiyo ngumu zaidi."

Sikupata nafasi ya kufafanua. Alishachota kijiko cha unga wa kahawia kutoka kopo kubwa la katikati, akaniambia ni mseto wake mwenyewe, vijana wanamletea mizizi kutoka kila upande, na unafaa tumbo, mgongo, presha na mama mkwe. Nikanusa. Ulikuwa na ukali ule ule wa thamosi ya bluu nyumbani. Nikajisemea kwamba mizizi michungu yote inanuka hivyo, nikautia kwenye mkoba. Mtaalamu alikuwa kazini, mabibi na mabwana.

Mpemba mpaka Ileje

Barabara ya kwenda Ileje sasa ina lami, na gari letu, Noah ya rangi ya maziwa, iliipanda milima ile ikiwa inasimama kila penye mtu aliyeinua mkono. Kushoto kahawa, kulia migomba, na mashamba yaliyolala kwenye miteremko ambayo mimi ningeogopa hata kuitazama. Dereva alimpelekea mtu fungu la miche, akamngoja mwingine amalize kuoga. Hakuna aliyelalamika, nami nilipotaka kulalamika nikakumbuka nani alipitiliza kituo.

Mama mdogo Eliza alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani. Nilipiga magoti kumwamkia. Akaniitikia na kunisemesha kwa Kindali kirefu, nami nikajibu "asante" kila alipopumua, mpaka akanihurumia na kuhamia Kiswahili. Hakuinuka kunipokea. Aliinyoosha tu mikono, akanishika uso. Nikajua ni cheo. Mkwe ndiye anayemfuata mkubwa, mkubwa hainuki. Niliisifu moyoni ile adabu ya Kindali. Ilipofika saa ya chakula, wasichana wa jirani ndio waliopakua, yeye bado kakaa, nami bado naisifu adabu.

Tulikula ndizi zilizopikwa na maharage, zikanikumbusha kwamba nilikuwa sijala kitu cha maana tangu ile ndoo ya kuku. Kisha nikaeleza kilichonileta. Nilisema ugonjwa wa Mama kwa uangalifu, nikasema macho, nikasema ini. Mama mdogo aliuliza swali moja tu.

"Anakula?"

"Kidogo sana, Mama mdogo."

Akaisogeza sahani yake pembeni. Nikaona nisimbane siku hiyo hiyo. Nikaomba tu kwamba kesho yake anitengenezee dawa kama inavyotakiwa, nione hatua kwa hatua, na kwamba nipandishwe mlimani kuuona mti. Kwa dawa alikubali mara moja. Kwa mlima alichukua muda.

"Ezekia atakupeleka," akasema mwishowe. Ezekia ni jirani yake, mwenye shamba la kahawa hapo juu.

Kikombe

Hapa ndipo palipoanzia kukonda kwangu.

Asubuhi Mama mdogo alichemsha dawa jikoni. Nyumbani Mama hutia kijiko kidogo kwenye thamosi nzima. Lakini mimi nilikuwa mgeni, mke wa mwana wao, nimetoka Dar. Mgeni hapewi chai ya rangi nyepesi, na hapewi dawa nyepesi. Mama mdogo alitia kijiko, akanitazama, akaongeza cha pili, akaona bado ni aibu, akamimina. Iliiva mpaka ikawa nzito kama uji wa ulezi.

Kwao anayekupa kitu cha kunywa hukionja kwanza mbele yako, ujue hakina ubaya. Akajaza vikombe viwili, akanywa chake mpaka nusu, akakunja uso, akanipa changu. Wasichana wa jirani walikuwa mlangoni. Ezekia alikuwa amekuja kunichukua, kofia mkononi. Wote wananitazama.

Nisikilizeni. Mimi ni mtu niliyeona kamba wote wakifa kwa dawa ile ile. Nina cheti ukutani. Ninawafundisha vijana wa mafunzo kwamba mtu wa maabara haonji kitu, hata chumvi. Lakini hakuna somo chuoni linaloeleza namna ya kumrudishia kikombe mama mkwe mdogo aliyekwisha kuonja. Nikanywa. Nikanywa chote, maana nusu ingeonekana nina mashaka.

Safari ya mlimani iliahirishwa. Choo kiko nyuma ya migomba, kwenye njia nyembamba, na siku ile nzima tulikuwa tunapishana kwenye njia ile, mimi nikienda yeye akirudi na fimbo yake, yeye akienda mimi nikirudi. Mwanzo tulisalimiana kila tulipopishana. Baadaye tuliacha. Alasiri tulikutana katikati, akajishika mgomba, akahema.

"Mh! Yetu ya zamani haikuwa hivi," akasema.

Neno hilo lilikuwa limenifungulia mlango wote. Nami nikalipita, kwa sababu nilikuwa na haraka.

Mlimani

Ezekia ni mtu wa maneno machache na mapafu mengi. Tulipoanza kupanda nilimwuliza maswali kuhusu mimea. Tulipofika robo ya njia nilikuwa nauliza kwa ishara. Kuna mahali njia inakuwa jiwe tupu lenye maji, ukishika majani yanang'oka. Nilipanda pale kwa mikono na magoti. Nilianguka mara moja kwa upande na mara moja kwa kukaa, na ile ya kukaa ilinishusha mbali kidogo. Ezekia alingoja bila kucheka, adabu ambayo sitaisahau.

Mti tuliukuta karibu na kilele, kichaka cha kimo changu, majani yana manyoya kwa chini, maua madogo ya krimu. Nilifurahi kama mtoto. Nikakata matawi, nikayalaza katikati ya magazeti na kuyabana kwa mbao zangu, nikachimba kipande cha mzizi. Udongo ulikuwa mgumu, umefungwa na majani ya miaka. Nikazunguka kichaka, nikazunguka na kingine. Hakuna shimo. Hakuna alama ya jembe, hakuna mzizi wenye kovu jipya.

Nikakaa chini. Nikalitazama lile jiwe la maji tulilolipanda. Kisha, taratibu, kwa mwendo wa kobe, akili yangu ya chuo kikuu ikaanza kufika: kigoda, wasichana wa kupakua, fimbo njiani, mkono uliojishika mgomba. Mimi nina magoti mazima na nilikuwa nimekaribia kufa. Mama mdogo angepandaje hapa kila mwezi?

"Ezekia," nikauliza, "mara ya mwisho Mama mdogo kupanda huku ni lini?"

Alichunguza kofia yake. "Mambo ya wakubwa mimi siyajui, dada."

Nikafungua mkoba, nikatoa unga wa Bana Chanda, nikaunusa tena. Safari hii sikujidanganya kuhusu mizizi michungu yote.

Jikoni kwa Mama mdogo

Sikumwuliza kwa ukali. Nilikaa chini karibu na moto, nikaiweka pakiti ya Tunduma miguuni pake, basi.

"Yule mama mnene," akasema. "Anapunja."

Kisha akalia. Mimi sijui kumbembeleza mtu mzima, nikawa nachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Akanieleza. Mama yao alikufa yeye akiwa bado ananyonya, na dada yake ndiye aliyemlea, akaacha shule ili ambebe mgongoni. Alikwenda naye shambani, kisimani, mpaka kanisani. Na maisha yote, dada huyo hajawahi kumwomba kitu isipokuwa ile dawa. Magoti yalipokataa mlima, Mama mdogo alijaribu kutuma watu, wakamletea mizizi ya ovyo, akaacha kuwaamini. Ndipo akaanza kuagiza Tunduma kwa watu wa bodaboda. Unga ukifika, anaufunga kwenye jani la mgomba kwa fundo lake mwenyewe, anaurudisha Tunduma kupanda basi la Dar. Dawa ile ilikuwa imeizunguka Songwe yote kuja kuvishwa nguo tu.

"Kwa nini hukumwambia?" nikauliza.

"Nimwambie siwezi? Atakuja. Na macho yake hayo, na umri huo, atapanda basi aje anibebe tena. Atasema nihamie Dar kwenu. Nami hapa ndipo nilipo, mwanangu. Makaburi yetu yako hapa." Akajifuta na khanga. "Kwani ndiyo imemfanya macho hivyo?"

Ningeweza kusema sina hakika mpaka nipime. Ndivyo ninavyosema kazini. "Ndiyo, naamini hivyo," nikamwambia, na nikajichukia kwa kulisema.

Hakulia tena. Akaniomba nisimwambie dada yake. Nikamweleza kwamba haiwezekani, kwamba neno lake ndilo lililobaki kumwokoa, kwamba mimi ni mwanasayansi na siwezi kushiriki uongo. Nilihutubia vizuri kabisa. Yeye akawa anakatakata mchaichai kutoka ukingo wa tuta lake, akautandaza kwenye ungo juu ya moto ukauke, akautwanga ukawa unga, akaumimina kwenye jani kavu la mgomba. Akafunga fundo.

"Mwambie Eliza amesema ile aiache, imechacha kwa msimu huu. Anywe hii. Ni dawa ya mlimani, ya msimu mpya."

"Mama mdogo, ataijua. Mchaichai hata Dar upo."

"Mpelekee."

Baada ya kikombe kimoja cha chai, mwanasayansi alikuwa anapakia mchaichai kwenye mkoba.

Kurudi

Hapa ndipo ilipozaliwa ile hadithi ya bangi. Kwenye kizuizi kimoja cha barabara askari alifungua begi langu akakuta majani yamebanwa katikati ya magazeti, mzizi ndani ya soksi, na pakiti mbili za unga. Nikashushwa. Nikaeleza kuhusu kamba. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mkosaji. Basi zima likinichungulia, askari akafungua lile jani la mgomba, akanusa, uso ukalainika. "Huu si mchaichai, mama?" Nikakiri. Akaniomba kidogo cha chai yao, nikampa, tukaachana kwa amani. Lakini abiria walikuwa wameona begi likipekuliwa, na mmoja wao, kumbe, anasali kwetu.

Nyumbani

Nilipitia maabara kwanza. Kuna kipimo ambacho unadondosha dawa kwenye kioo kilichopakwa unga mweupe, inapanda na kuacha mistari ya rangi, na kila mchanganyiko una mistari yake. Unga wa Mama na unga wa Bana Chanda viliacha mistari ile ile, mmoja kwa mmoja. Mzizi wa kweli wa mlimani ulikuwa na mistari mingine kabisa. Nao haukuwa malaika: uliua kamba kadhaa, na bado naupima kujua kama ndani yake kuna cha kutibu. Mwisho nikawapa kamba mchaichai. Najua, hakuna aliyeniomba. Waliogelea mpaka jioni.

Nyumbani Mama alikuwa amelala kwenye kochi, macho manjano kuliko nilivyomwacha. Nikachemsha unga wa Mama mdogo, nikajaza kikombe, nikakionja mbele yake kama nilivyofunzwa, nikampa. Nikaanza hotuba yangu. Eliza amesema ile uiache. Imechacha. Hii ni ya msimu mpya. Nilikuwa naongea haraka na sikuwa namtazama.

Mama alinusa kikombe. Alikishika muda, mvuke ukimpanda usoni.

"Magoti yake yakoje?" akauliza.

Nilikuwa sijataja magoti.

"Ladha ilibadilika muda mrefu," Mama akasema. "Ile ya mlimani nimeinywa maisha yote, nisiijue? Nikajua Eliza hapandi tena. Eliza si mtu wa kuacha kupanda kama anaweza."

"Mama! Sasa mbona uliendelea kunywa?"

Alinitazama kama anavyonitazama nikichoma wali.

"Ningeacha, angejua kwamba najua."

Nilikwenda jikoni, nikalia kwa hasira, kwa huruma, na kwa uchovu wa mwili uliokwisha kutoa kila kitu. Nilizunguka nchi, nikaporomoka mlima, nikanywa sumu, kutafuta jambo lililokuwa limekaa kwenye kochi langu.

Amekwisha kuiacha ile ya zamani. Hospitali wanasema ini linaanza kutulia, macho yanarudi meupe, na jana aligombana nami kuhusu chumvi, dalili njema kuliko zote. Kifurushi cha jani la mgomba bado kinafika kila mwezi. Juzi nilikuwepo kilipofika. Alifungua lile fundo kwa vidole vyake mwenyewe, akachemsha, akanywa, kisha akaniambia nimpigie mdogo wake.

"Eliza," akasema kwenye simu, kikombe cha mchaichai mkononi. "Dawa imefika, mdogo wangu. Ni ile ile."